Wangapi Kati ya Wangapi?

Kijana amemaliza shule. Anataka kujifunza kuandika programu za kompyuta katika kozi ya miezi michache, badala ya miaka minne ya chuo kikuu. Baba anasema kozi hizo ni wizi mtupu. Kijana anajibu kwamba baba amepitwa na wakati. Na ada itatoka kwa kuuza ng'ombe au kukopa kwenye chama. Je, sisi akina mama tufanyeje?

Tusikimbilie kuchukua upande. Kwanza tuulize: wangapi walipata kazi, kati ya wangapi?

Huko Marekani, shule moja ya namna hii, Lambda School, ilianzishwa mwaka 2017, na baadaye ikaitwa BloomTech. Ilitangaza kwamba kati ya wanafunzi 100, 71 hadi 86 walipata kazi. Aprili 2024, shirika la serikali linalowalinda wateja wa huduma za fedha lilieleza kwamba hesabu za shule yenyewe zilionyesha karibu 50, na wakati mwingine 30 tu. Mwanzilishi wake aliwahi kujisifu kwamba katika kundi moja asilimia 100 walipata kazi. Hesabu hiyo ilikuwa ya mwanafunzi mmoja!

Basi, je, baba ameshinda? Bado. Samaki mmoja akioza huoza wote, lakini hiyo ni habari ya tenga la samaki. Shule moja iliyodanganya haithibitishi kwamba zote hudanganya. Hata pale, wapo waliopata kazi. Vivyo hivyo, jirani mmoja aliyefanikiwa hathibitishi kwamba mtoto wetu atafanikiwa.

Tunapobishana nyumbani, kila mmoja arudie kwanza maneno ya mwenzake mpaka huyo aseme, "Naam, ndivyo nilivyosema." Ndipo ajibu. Kumwita mtu mshamba au mvivu si hoja.

Kisha tuiendee shule wote pamoja, tuulize:
- Walioanza ni wangapi, na waliomaliza ni wangapi?
- Wangapi walipata kazi ya kuandika programu, na baada ya miezi mingapi?
- Je, walioajiriwa na shule yenyewe wamehesabiwa?
- Mtoto asipopata kazi, tutadaiwa nini?

Tuombe majibu kwa maandishi. Tena tukubaliane kabla ya kwenda ni majibu gani yatakayotufanya tukubali, na yapi yatakayotufanya tukatae. Hapo baba na kijana watakuwa wanapima jambo moja, kwa mizani moja.