Masomo na kazi za awali za Euphrase Kezilahabi

Euphrase Kezilahabi (13 Aprili 1944 – 9 Januari 2020) alikuwa mwandishi wa riwaya, mshairi na mwanazuoni wa Tanzania aliyeandika kwa Kiswahili. Makala hii inaeleza masomo yake, miaka yake ya kwanza ya ualimu, na vitabu alivyotoa kabla hajafikisha umri wa miaka thelathini na miwili. Kati ya mwaka 1971 na 1975 alichapisha riwaya tatu na diwani moja ya mashairi, na vitabu hivyo vinne vilibadili kwa kiasi kikubwa mwelekeo wa fasihi ya Kiswahili. Kwa sehemu kubwa vimejengwa kwa mambo ambayo kijana huyu aliyaona akiwa mwanafunzi na mwalimu.

== Ukerewe ==

Kezilahabi alizaliwa katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, ambacho ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Viktoria. Lugha ya nyumbani ilikuwa Kikerewe. Kiswahili kilikuwa lugha ya shule, ya serikali na ya safari za kwenda Mwanza. Jambo hili lina uzito kwa anayesoma vitabu vyake, kwa kuwa hadi miaka ya 1960 waandishi wengi waliojulikana wa Kiswahili walitoka Pwani au walilelewa katika miji ya bara iliyokuwa na mazoea ya Kiswahili tangu zamani.

Kisiwa hicho kilikuwa tayari na mwandishi mwingine, ingawa ni wachache waliomjua. Aniceti Kitereza (1896–1981), aliyesomeshwa na wamisionari Wakatoliki, alikuwa amekamilisha riwaya ndefu ya Kikerewe mnamo 1945 akakosa wa kuichapa kwa muda wa zaidi ya miaka thelathini. Hatimaye aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikatoka kwa jina la ''Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali''. Kwa hiyo kijana wa Namagondo aliyezaliwa karibu nusu karne baada ya Kitereza alichapishwa kabla ya mzee huyo. Tofauti kubwa kati yao haikuwa kipaji. Kitereza aliandika kwa lugha ya kisiwa kimoja, wakati ambapo hakukuwa na mchapishaji aliyeitaka. Kezilahabi alianza kuandika baada ya uhuru, kwa lugha ya taifa, na wachapishaji wa Nairobi walikuwa wakitafuta vitabu vya Kiswahili.

Masomo ya msingi aliyapata hukohuko kisiwani, katika shule ya Nakasayenge. Katika Tanganyika ya miaka ya 1950 mtihani wa darasa la nne uliwachuja watoto wengi, na aliyevuka hapo alihesabiwa kuwa na bahati.

== Seminari ya Nyegezi ==

Kutoka Ukerewe alikwenda Seminari ya Nyegezi, karibu na mji wa Mwanza, akasoma huko hadi mwaka 1966. Seminari ndogo kama Nyegezi si chuo cha kuwapa vijana upadri. Ni shule ya sekondari ya bweni kwa wavulana wanaodhaniwa kuwa na wito, na masomo ya upadri wenyewe hufuata baadaye katika seminari kuu. Wengi wa wanaoingia hawafiki huko, na hawakusudiwi kufika wote. Kwa familia nyingi za vijijini wakati ule, seminari ilikuwa pia njia mojawapo ya mtoto kupata elimu ya sekondari iliyo nzuri, katika nchi ambayo nafasi za sekondari zilikuwa chache mno.

Maisha ya seminari yalipangwa kwa kengele: sala ya asubuhi, misa, darasa, kazi za mikono, muda wa kunyamaza, kujisomea. Kilatini kilikuwa sehemu ya mafunzo. Miaka ya mwisho ya Kezilahabi hapo ilikwenda sambamba na Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965), ulioruhusu ibada zifanywe kwa lugha za watu, Kiswahili kikiwemo.

Alipoondoka Nyegezi hakuendelea na njia ya upadri. Lakini seminari haikumtoka. Maswali yanayowasumbua wahusika wake, yaani kama Mungu yupo, dhambi ni nini, na maisha yana maana gani ikiwa kifo ndicho mwisho, ni maswali ya mtu aliyefundishwa majibu yake mapema na kwa mpango, kisha akayachunguza upya. Hata jina la riwaya yake ya kwanza limetoka kanisani: ''Rosa Mistika'', waridi la fumbo, ni mojawapo ya majina ya heshima ya Bikira Maria katika litania. Kumpa jina hilo msichana aliyeharibikiwa na maisha lilikuwa tendo la makusudi, na msomaji Mkatoliki wa mwaka 1971 hakuhitaji kuelezwa.

== Chuo Kikuu, 1967–1970 ==

Mwaka 1967 aliingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa bado tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Alihitimu shahada ya kwanza mwaka 1970, mwaka uleule chuo kilipopata hadhi ya kujitegemea.

Hakuna kipindi chenye msukosuko zaidi katika historia ya Mlimani. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na karibu mia nne wakafukuzwa. Februari 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha. Mwezi uliofuata Rais Nyerere alitoa ''Elimu ya Kujitegemea'', andiko lililoikosoa elimu ya kikoloni kwa kuwafanya wasomi wajione watu wa daraja la pekee. Aliyeingia chuoni mwaka huo alikuwa msomi wakati usomi wenyewe umewekwa kizimbani.

Ni wakati huohuo pia ambapo kizazi kipya cha waandishi wa Kiswahili kilitokea chuoni hapo. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, alichapisha tamthilia ya ''Kinjeketile'' mwaka 1969, na Penina Muhando akafuata na ''Hatia'' mwaka 1972. Wote walikuwa vijana, walikuwa wamesoma fasihi ya mataifa mengine kwa Kiingereza, na walichagua kuandika kwa Kiswahili. Hussein na Muhando walikwenda upande wa jukwaa. Kezilahabi alichukua riwaya.

== Mwalimu na kitabu kisichoruhusiwa darasani ==

Baada ya kuhitimu alifundisha katika shule mbalimbali za sekondari nchini. Tanzania ilikuwa na upungufu mkubwa wa walimu wazalendo wenye shahada, na ualimu ndiyo kazi iliyowangoja wahitimu wengi wa masomo ya sanaa. Kwa mwandishi kijana kazi hiyo ilikuwa na faida ambayo ofisi isingempa: kila siku alikuwa mbele ya vijana waliotoka vijijini, wavulana na wasichana walioishi mbali na wazazi kwa mara ya kwanza.

''Rosa Mistika'' ilitolewa na East African Literature Bureau, Nairobi, mwaka 1971, mwandishi akiwa na miaka 27. Hadithi inaanzia Namagondo, kijiji chake mwenyewe. Rosa ni binti wa kwanza wa Zakaria, mlevi na baba mkali anayewazuia mabinti zake wasizungumze na mvulana yeyote na kuwapiga wanapokosea. Msichana aliyefungiwa hivyo anapokwenda kusoma bweni Mwanza, na baadaye chuo cha ualimu Morogoro, anakutana na uhuru asiojua kuutumia. Anaingia katika mapenzi na wanaume, wakiwemo wale waliopewa dhamana ya kumlea, anatoa mimba, na mwisho anajiua. Mwandishi hamlaumu Rosa peke yake. Anamfuata baba nyumbani na wakubwa shuleni, na kuonyesha kwamba ukali wa mmoja na tamaa ya wengine vilifanya kazi moja.

Kwa sababu ya habari za ngono na utoaji mimba, riwaya hiyo ilizuiwa kwa muda kutumika shuleni. Hapo pana kinaya kisichohitaji kutiwa chumvi. Kitabu kilichoandikwa na mwalimu, kuhusu wanafunzi, kikiwataja wakubwa wa shule wanaowadhulumu wanafunzi, hakikuruhusiwa kufika kwa wanafunzi. Wazazi na walimu waliokiogopa hawakuwa wajinga. Waliona ndani yake mambo ambayo hadi wakati huo yalisemwa kwa mafumbo tu katika vitabu vya Kiswahili. Baadaye kilikubaliwa, kikafundishwa kama vitabu vingine vya fasihi.

Miaka mitatu baadaye ilifuata ''Kichwamaji'' (1974). Safari hii msomi ndiye anayewekwa katikati. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, anarudi nyumbani Ukerewe na kukuta hawezi tena kuwa mtu wa kijiji, wala elimu yake haimpi lugha ya kuzungumza na wazazi. Anasimulia mwenyewe, kwa dhihaka na uchungu, hadi anapokata tamaa ya kuishi. Wahakiki wengi wameihusisha riwaya hii na falsafa ya udhanaishi, iliyoenea Ulaya kupitia waandishi kama Jean-Paul Sartre na Albert Camus. Uhusiano huo upo, lakini mwanafunzi anayeisoma leo asianzie Paris. Aanzie kwa kijana aliyerudi likizo na kukuta mama yake hamwelewi.

''Dunia Uwanja wa Fujo'' (1975) inamfuata Tumaini, kijana mponda mali ambaye baadaye anakuwa mkulima tajiri, kisha anamuua kiongozi wa serikali wakati wa utekelezaji wa siasa ya Ujamaa. Nchi ilikuwa imeshuhudia tukio la kufanana na hilo Desemba 1971, pale Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Klerruu, alipouawa na mkulima Said Mwamwindi huko Isimani. Kuandika riwaya ya namna hiyo miaka minne tu baadaye, na mwandishi akiwa mtumishi wa umma, kulihitaji moyo.

== Kichomi ==

Katika mwaka uleule wa ''Kichwamaji'' ilitoka diwani ya ''Kichomi'' (Heinemann, Nairobi, 1974). Mashairi yake mengi hayana vina wala mizani. Katika utangulizi Kezilahabi alijieleza kwamba alitaka ushairi utumie lugha ya kawaida ya watu katika mazungumzo yao.

Ugomvi ulikuwa mkali. Tangu 1954 kitabu cha Amri Abedi, ''Sheria za Kutunga Mashairi'', kilikuwa kimeweka kanuni, na kwa watunzi wengi utungo usio na vina haukuwa shairi bali insha iliyokatwakatwa. Mara nyingi mgogoro huu huelezwa kama vita kati ya Pwani na bara, lakini maelezo hayo hayatoshi: Amri Abedi mwenyewe alizaliwa Ujiji, na Mathias Mnyampala, bingwa wa mashairi ya kimapokeo, alikuwa Mgogo wa Dodoma. Mpaka uliokuwepo ulikuwa zaidi wa shule. Washairi wa kimapokeo walijifunza kwa kusikiliza wazee na kujibizana magazetini. Kezilahabi na wenzake walijifunza darasani, wakisoma pia ushairi wa Kiingereza. Mabishano yaliendelea miaka mingi: mwaka 1984 J. M. Mayoka bado alikuwa akitoa kitabu kizima kuhusu mgogoro huo.

== Kurudi Mlimani ==

Kezilahabi alirudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kufundisha katika Idara ya Kiswahili huku akiendelea na masomo ya juu. Tasnifu yake ya uzamili ya mwaka 1976 ilimhusu Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Uchaguzi huo unaeleza mengi. Shaaban Robert, aliyefariki 1962, alijenga katika ''Kusadikika'' na ''Kufikirika'' nchi za mawazo ambamo wema hatimaye hupata nafasi yake. Kijana aliyemchunguza alikuwa amekwisha kuandika riwaya tatu zenye majina halisi ya vijiji, na ndani yake wema hauna uhakika wa kushinda.

Mwaka 1978 aliandika tamthilia ''Kaptula la Marx'', inayoucheka utawala unaovaa itikadi isiyomtosha mvaaji. Ilichapishwa mwaka 1999. Riwaya ya ''Gamba la Nyoka'' ilitoka 1979. Baada ya hapo alikwenda Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, nchini Marekani, alikopata shahada ya uzamivu mwaka 1985 kwa tasnifu kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi.