Plakete za freni: musiangalie bei tu

Ndugu wachimbaji, siye wa sendika tunawaona asubui ku njia ya Likasi na Kolwezi: watu wawili ku pikipiki moja, muzigo nyuma, kamio za shaba mbele. Pale freni njo maisha.

Ukienda kununua plakete, uliza kwanza ya aina gani. Zile laini za organiki hazikuli diski sana, lakini matope ya mvula inazimaliza mbio, na joto ikipanda kwa mutelemuko zinalegea. Zile za unga wa chuma uliochomwa zinavumilia maji na joto; lakini uliza fundi kama diski yako inazipokea.

Nyingine ziko na herufi mbili nyuma: ya kwanza ni nguvu ya kushika zikiwa baridi, ya pili zikiwa na joto. H inapita G.

Badilisha zote mbili pamoja, mbele chuma haiyakwaruza diski. Grisi isizifikie. Siku za kwanza funga freni polepole, mpaka zizoee diski.

Na siye tunaendelea kudai: kule basi ya kazi haifike, makuta ya transporti ihesabu na plakete.