Usiuze daftari peke yake: hesabu ya daftari la kushona kwa mkono na kipochi chake

Leo naongea na nyie mnaoshona madaftari na vipochi vya kitenge nyumbani. Wengi mlianza kama kitu cha kupotezea muda jioni, mkapiga picha mkaweka status, watu wakaanza kuuliza bei. Hapo kwenye bei ndipo ninapotaka tukae leo, ila nitapita kwanza kwenye ushonaji wenyewe, maana bei huwezi kuipanga kama hujui kitu kinakula nini.

Nianze na swali ambalo kila muuza daftari la mkono ameshaulizwa: "Mbona ghali hivyo? Kariakoo kauntabuku si nachukua mawili kwa hiyo hela?" Na mteja hajakosea. Anachokiona kwenye picha ni daftari, na daftari bei yake anaijua tangu yuko shule. Kipochi nacho ni hivyohivyo, kuna vya kutoka China vimejaa kila kona, vina zipu na rangi nzuri. Ukiweka daftari peke yake unashindanishwa na kauntabuku. Ukiweka kipochi peke yake unashindanishwa na kontena zima. Hapo huwezi kushinda kwa bei, utaumia tu.

Ila daftari lililoshonwa kwa mkono likiwa ndani ya kipochi chake, kitenge kilekile, vinaingiana kama mguu na kiatu, hicho mteja hana pa kukilinganisha. Hakipo dukani. Hiyo seti ndiyo bidhaa yako.

Na wala sio jambo geni. Wenzetu wa Ethiopia wana vitabu vya kanisa vya kale vilivyoandikwa kwa mkono, karatasi zake za ngozi zimeshonwa kwa mshono wa mnyororo na kushikizwa kwenye majalada ya mbao. Vingi vilitengenezewa mkoba wake wa ngozi wenye mkanda, unaitwa mahdar, kitabu kinaingia humo kinatundikwa ukutani au mtu anakivaa begani anasafiri nacho. Mshono wa aina hiyo huko duniani unajulikana kama mshono wa Kikopti, kwa ajili ya Wakristo wa Misri ambao vitabu vyao vya karne za mwanzo vilishonwa hivyo. Kwa hiyo mteja akikuuliza "huu ushonaji umeutoa wapi", una hadithi ya kweli ya kumwambia, tena ya Afrika hapahapa. Iandike kwa sentensi mbili kwenye kikaratasi unachoweka ndani ya seti. Haikugharimu kitu.

Sasa daftari. Karatasi ya A4 unaikunja katikati unapata saizi ya A5. Chukua tano, ziingize moja ndani ya nyingine, hilo ni fungu moja lenye kurasa 20. Mafungu 8 ni karatasi 40, yaani kurasa 160. Rimu ina karatasi 500, kwa hiyo unatoa madaftari 12 na karatasi 20 zinabaki za kufanyia majaribio. Kunja kwa kusugua mgongo wa kijiko juu ya mkunjo, kidole peke yake hakitoshi, daftari litabaki limevimba.

Matundu toboa kwa msharasi, uleule wa fundi viatu. Kata kipande cha karatasi ngumu urefu wa daftari, weka alama za matundu matano, tumia hichohicho kwa mafungu yote. Usikadirie kwa macho. Matundu yakipishana hata milimita mbili, mgongo wa daftari unakaa upande na mteja ataona kabla hajasoma jina lako. Uzi mzuri ni ule mwembamba wa fundi viatu. Upitishe kwenye nta mara mbili tatu, ukikosa nta tumia mshumaa. Unakuwa hausokoteki ovyo na unang'ang'ania karatasi.

Mshono wenyewe hauna uchawi. Kila ukitoka nje kwenye tundu, sindano inapita chini ya mshono wa fungu lililotangulia, halafu inarudi ndani kwenye tundu lilelile. Ukiendelea hivyo mgongoni kunatokea kama mnyororo au msuko wa nywele. Faida yake kubwa ni kwamba daftari linafunguka likalala bapa mezani, ukurasa wowote, bila kushikilia kwa mkono. Kauntabuku halifanyi hivyo. Ukipiga video, piga hicho kitendo: fungua katikati, weka mezani, ondoa mkono. Sekunde tano tu, inauza kuliko maelezo ya aya tatu.

Jalada ndipo wengi wanapopoteza kitambaa. Gundi nyeupe, ile ya mbao, ukiipaka nyingi inapenya kwenye kitenge inatoa madoa, na kanga ndiyo usiseme, ni nyepesi zaidi. Bandika kwanza kitambaa kwenye karatasi nyembamba, kiache kikauke, ndipo ubandike kwenye kadibodi. Halafu upande wa ndani wa jalada lazima nao ubandike karatasi, usiuache mtupu, kwa sababu gundi ikikauka upande mmoja inavuta na jalada linajikunja kama chapati iliyopoa. Weka chini ya vitabu vizito usiku kucha. Na kwa wanaopenda kanga, angalia jina lake. Maneno ya kanga ni marefu kuliko jalada la A5, ukikata bila kufikiri unabaki na nusu ya neno na mteja anasoma kitu cha ajabu. Tumia pindo na maua, jina liache.

Ukataji wa kitambaa ni hela kabisa. Yadi moja ya kitenge ina urefu wa inchi 36, na upana wa kawaida ni kama inchi 45. Kipande cha upande mmoja wa jalada ni inchi 10 kwa 7 na nusu. Ukilaza vipande hivi, urefu wa kipande ukafuata upana wa kitenge, unapata vipande 16, madaftari 8. Ukivigeuza, urefu wa kipande ukafuata urefu wa kitambaa, unapata 18, madaftari 9. Daftari zima la bure kwa kugeuza tu! Isipokuwa kama ua la kitenge lina juu na chini, hapo huna ujanja, fuata ua.

Kipochi chake kipime kwa daftari lenyewe. Jalada langu ni sentimita 21.5 kwa 15.5 na unene kama 1.3, hivyo kipande cha kipochi nakata inchi 10 na nusu kwa 8 na nusu. Usisahau unene, kipochi kikibana sana zipu itachanika wiki ya kwanza. Yadi moja inatoa vipande 16, vipochi 8. Nyuma ya kitenge bandika kwa pasi kile kitambaa kigumu ambacho mafundi wanaweka kwenye kola, bila hicho kipochi kinalegea kama mfuko wa sokoni. Zipu nunua ya mita na vichwa vyake pembeni, mita moja inatoa zipu tatu za saizi hii. Zipu inakaa katikati ya kitenge na bitana, unashona kwa mguu wa zipu, upande mmoja kisha wa pili. Kabla hujashona kuzunguka, ACHA ZIPU WAZI NUSU, na acha nafasi kwenye bitana ya kupitisha mkono. Zipu ikiwa imefungwa huwezi kugeuza kazi yako, utakaa nayo mkononi kama mtu aliyejifungia nje ya nyumba.

Haya, sasa hela. Bei hizi ni za mfano, wewe weka za mtaani kwako.

Daftari moja: karatasi 1,000 (rimu ya 12,000 ugawe kwa 12), kadibodi 500, kitenge 450, uzi, gundi na karatasi za ndani 350. Jumla 2,300. Kipochi: kitenge 500, bitana 250, kitambaa kigumu 200, zipu na kichwa 400, uzi 50. Jumla 1,400. Lebo na kufungasha 300. Seti nzima imekula 4,000.

Mtu anaangalia 4,000, anaongeza 2,000, anasema nauza 6,000 nina faida. Kiukweli hiyo 2,000 sio faida. Ndio mshahara wako, na hata huo haujatimia.

Chukua simu, weka saa, shona seti moja ukiwa umeshazoea. Tuseme kwa kufanya nyingi kwa pamoja daftari linachukua dakika 50 na kipochi 25. Hiyo ni saa moja na robo. Gawa 2,000 kwa saa moja na robo, unapata 1,600 kwa saa. Bado hujalipia bando la kujibu meseji, bado hujaenda kununua zipu, bado seti moja haijaharibika.

Kwa seti moja hiyo haiumi sana. Inauma siku oda kubwa inapokuja. Kuna dada mmoja ninayemfahamu alipata oda ya seti 60, zawadi za wageni kwenye send-off. Bei 6,000 kila moja. Alifurahi, sote tulifurahi. Ila fanya hesabu na mimi. Seti 60 mara saa moja na robo ni saa 75. Yeye ana watoto na kazi ya mchana, anapata saa tatu tu usiku. Hizo ni usiku 25, mfululizo, bila kuumwa, bila umeme kukatika, kwa Sh 120,000. Malipo ya awali alipewa nusu, 180,000, wakati malighafi zinataka 240,000. Hiyo 60,000 iliyopungua akaitoa kwenye hela ya nyumbani. Siku ya shughuli seti zilikuwa nzuri sana, zilipigwa picha, yeye alikuwa amelala na cherehani ameifunika shuka, na mpaka leo hashoni. Hapo tumempoteza mtu mwenye mkono mzuri kuliko wangu. Ubunifu aliuweza. Kilichomuondoa ni 2,000 aliyoiita faida.

Ndio maana nasema saa yako iwekee bei kabla mteja hajaja. Tuseme Sh 2,000 kwa saa. Saa moja na robo ni 2,500. Ongeza kwenye 4,000, umefika 6,500, na hapo biashara yenyewe haijapata kitu. Ongeza 1,500 ya kufidia zinazoharibika na kukuza mtaji, unapata 8,000. Hiyo ndiyo bei yako ya jumla, ya mtu anayechukua nyingi. Rejareja, seti mojamoja, 10,000. Usianze na 10,000 kisha ukashushwa mpaka 6,000 kwa sababu mteja ni "dada yangu naomba bei ya kirafiki". Chini ya 8,000 hakuna punguzo, kuna kupunguza kazi. Mteja ana 6,500 tu? Mpe daftari la mafungu 5, kipochi kisicho na kile kitambaa kigumu. Anapata kitu cha hela yake na wewe hujajikata mwenyewe.

Je, mteja atakubali 8,000? Wengine hapana, na wataondoka, waache waende zao kwenye kauntabuku, ni daftari zuri tu. Wanaobaki ni wa zawadi: mahafali, kitchen party, mwalimu anayestaafu, mtu anayeenda nje anataka kubeba kitu cha nyumbani. Mtu anayenunua zawadi anawaza itapokelewaje mkononi mwa mwenzake, kwa hiyo mwonyeshe hivyo. Picha ya kwanza daftari likiwa nusu ndani nusu nje ya kipochi, piga asubuhi karibu na dirisha, sio usiku chini ya taa. Picha ya pili mgongo wenye msuko. Kisha ile video ya kulala bapa. Na bei iandike hapohapo, mambo ya "njoo inbox" yanachosha watu.

Kwa oda kubwa, muda wa kumaliza usiuseme kwa kubahatisha. Idadi mara saa moja na robo, gawa kwa saa unazopata kwa siku, halafu ongeza siku tano. Oda ya 60 kwa saa tatu za usiku ni siku 30. Mteja akitaka kwa wiki mbili, ama unatafuta fundi wa kukushonea vipochi na unamlipa kutoka kwenye ile 2,500, ama unakataa kwa upole.

Na malipo ya awali ni nusu, kabla hujakata kipande cha kwanza. Kwa 8,000, seti 60 ni 480,000, nusu yake ni 240,000. Ambayo ni malighafi yote, bila kugusa hela ya unga.