Maktaba si Ghala la Vitabu

Wako watu wasemao kwamba maktaba ni mahali pa kimya tu: mtu aingie, asome, atoke, na kwamba michezo ya kuigiza, mashairi na picha za kuchora zina majumba yake. Sisi hatuafiki. Kitabu kisichozungumzwa hubaki rafuni kikila vumbi, na maktaba isiyo na watu ni ghala. Ili tusidhaniwe kuwa twasema maneno matupu, twataka kueleza habari za maktaba moja ya mtaa wa Harlem, katika jiji la New York.

Maktaba hiyo ilifunguliwa mwaka 1905 katika barabara ya 135. Baadaye Harlem ikawa makao ya Wamarekani Weusi, watu waliobaguliwa katika kazi, shule na hata majumba ya michezo. Mwaka 1920 Bibi Ernestine Rose, Mzungu, alishika uongozi wa maktaba ile. Hakukaa mezani kungojea wasomaji. Aliajiri wasaidizi Weusi, akakaribisha maonyesho ya wachoraji, usomaji wa mashairi na mijadala ya jioni. Mwaka 1926 kundi la michezo lililoanzishwa na mwanachuoni W.E.B. Du Bois likaanza kuigiza katika chumba cha chini ya jengo.

Matokeo yake yalikuwa nini? Mwaka ule ule wa 1926, vitabu na maandishi juu ya watu Weusi yaliyokusanywa na Arturo Schomburg, mzaliwa wa Puerto Rico, yalinunuliwa kwa dola 10,000, fedha za Shirika la Carnegie, yakawekwa katika maktaba hiyo. Hazina kama ile haipelekwi mahali palipolala. Mwaka 1934 Aaron Douglas alichora kwa ajili ya maktaba hiyo picha nne kubwa zionyeshazo safari ya watu Weusi, tangu Afrika, kupitia utumwa, hata miji ya Marekani. Hivyo hata asiyejua kusoma aliweza kuiona historia yake ukutani.

Mwaka 1940 Abram Hill na Frederick O'Neal walianzisha kundi jingine katika chumba kile kile cha chini. Mchezo wao uitwao Anna Lucasta, wa mwaka 1944, ulihamia Broadway, kwenye majumba makubwa ya michezo ya New York. Katika kundi hilo walijifunza vijana wawili maskini, Sidney Poitier na Harry Belafonte. Poitier ndiye mtu Mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume, mwaka 1964.

Nasi wa Afrika Mashariki twapaswa kulikumbuka kundi lile. Mwaka 1959, Tom Mboya alipokuwa akitafuta nauli za kuwapeleka vijana wetu vyuoni Marekani, miongoni mwa waliotia sahihi barua ya kuomba michango walikuwa Belafonte na Poitier, pamoja na mchezaji Jackie Robinson. Ndege ya kwanza ilichukua wanafunzi 81. Sanaa iliyolelewa chini ya maktaba ilirudi kuwasaidia watu wa vitabu.

Basi tujitazame. Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba, 1967, na mikoani nako ziko maktaba. Malenga tunao, wachoraji tunao, na wazee wenye hadithi ambazo hazijaandikwa wangali hai, ingawa si kwa muda mrefu. Kuwakutanisha hakudai mamilioni. Kwadai chumba, jioni moja kwa juma, na mkutubi aliyepewa ruhusa ya kuwaita watu.

Kimya kina saa zake, nacho twakiheshimu. Mwanafunzi ajitayarishaye kwa mtihani asisumbuliwe. Lakini jioni, wasomaji wanapokwisha kwenda zao, kwa nini mlango ufungwe? Twawaomba wakuu wa maktaba na halmashauri za miji walifikirie jambo hili upesi, kwa maana mzee akifa na hadithi yake, hakuna rafu itakayoirudisha.