"Niko Tisa Juu ya Kumi, Mama Mdogo"

Machi mwaka jana mtoto wa dada yangu alipanda basi Houston kuja kukaa nasi Fort Worth wiki nzima ya likizo. Nilimpokea Dallas asubuhi, nikiwa natoka shifti ya usiku, bado nimevaa sare. "Shikamoo, mama mdogo." Begi lake lilikuwa zito kwa madaftari, maana Mei alikuwa na mtihani wa AP Computer Science A.

Dada alikuwa ameshanipigia. "Nitazamie huyo. Kila nikimwuliza, anasema yuko tayari."

Jioni nikamwuliza mwenyewe. Akajibu bila kusita, "Niko tisa juu ya kumi, mama mdogo."

Kwa wazazi ambao watoto wenu hawajafika huko: huu ni mtihani wa kompyuta wa kiwango cha chuo, ambao mwanafunzi wa sekondari huufanya kila Mei. Lugha yake ni Java. Unachukua saa tatu: saa moja na nusu ya maswali ya kuchagua jibu, na saa moja na nusu ya maswali manne ya kuandika programu mwenyewe. Programu hiyo hairuhusiwi kuendeshwa ili uone kama inafanya kazi. Unaandika, unaisoma kwa macho yako, basi. Alama ni 1 hadi 5. Hapa Texas, sheria ya mwaka 2015 inavitaka vyuo vya umma vimhesabie mwanafunzi somo kuanzia alama 3, isipokuwa pale chuo kinapothibitisha kwamba alama ya juu zaidi inahitajika. Somo lililohesabiwa ni ada ambayo mzazi hailipi. Kwa dada yangu, anayefanya kazi mbili, hilo si jambo dogo.

Sisi wauguzi hatupimi presha kwa kumwuliza mgonjwa anajisikiaje. Tunafunga kipimo mkononi, tunasoma namba. Nikamwambia mwanangu, simu iweke juu ya friji, kompyuta ifunge. Swali moja la miaka iliyopita, ambayo College Board huyaweka wazi mtandaoni pamoja na miongozo ya kusahihisha, nilikuwa nimelichapa kazini. Nikampa karatasi tupu na dakika 22 na nusu, kwa kuwa ukigawa dakika 90 kwa maswali manne ndizo unazopata.

Aliandika mistari sita, akakwama. Dakika zilipokwisha alikuwa anafutafuta tu.

"Lakini mama mdogo, video ya hili swali niliitazama juzi. Niliielewa yote!"

Nilimwamini. Alikuwa ameelewa kweli. Ila kuelewa mtu mwingine anapofanya ni jambo moja, na kufanya mwenyewe ni jingine. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi habari za kusoma. Kundi moja lilisoma tena na tena. Kundi jingine lilisoma mara moja, kisha likajijaribu mara tatu kuandika linachokumbuka. Waliorudia kusoma ndio waliojiamini zaidi. Baada ya wiki moja walikumbuka kama asilimia 40. Waliojijaribu, kama asilimia 61.

Mimi sikuhitaji utafiti kunifundisha hilo. Nilikuja nchi hii na diploma ya uuguzi. Kabla ya kufanya NCLEX-RN nilisoma kitabu kizima mara tatu, kila ukurasa nimeupaka rangi ya njano. Nilijiona niko tisa juu ya kumi. Nikafeli. Ikabidi nisubiri siku 45 ndipo niruhusiwe kurudia, na siku zote hizo nyumbani waliamini nimeshaanza kazi, kwa sababu niliona haya kuwaambia. Mara ya pili nilikiweka kitabu pembeni nikafanya maswali, na kila nililokosa niliandika nimelikosa kwa nini. Nikafaulu. Digrii ilikuja baadaye.

Kisa hicho nilimsimulia usiku ule. Alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe hata wewe?"

Kesho yake tukachora jedwali. Mistari minne, moja kwa kila aina ya swali la kuandika: methodi na vitanzi, kuunda klasi, orodha, na safu za mistari na nguzo. Nafasi tatu za kujaza: nimeweza bila msaada, nimeweza kwa kuchungulia, sijaweza. Sharti ni kwamba hakuna kujaza kwa hisia. Unajaza baada ya kufanya swali kwa saa na kulisahihisha kwa mwongozo, na unaandika tarehe. Ukiuliza akili mnemba, hata mstari mmoja, hiyo ni kuchungulia.

Siku ya kwanza "bila msaada" ilipata mstari mmoja tu kati ya minne. Iliuma. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na wiki saba zilikuwa bado zimebaki.

Mzazi, huhitaji kujua Java. Mimi siijui. Nilishika saa, nikamwomba anieleze kila mstari alioandika unafanya nini. Alipoanza kubabaika, yeye mwenyewe alijua ni wapi. Kwa hiyo usimwulize mtoto, "Umesoma?" Mwambie, "Nionyeshe ulichoweza leo bila msaada." Na akikuonyesha karatasi tupu, usimgombeze, la sivyo kesho atarudi kwenye tisa juu ya kumi.

Kabla ya kurudi Houston alimpigia mama yake mwenyewe. "Mama, siko tayari. Ila najua pa kuanzia." Dada alikaa kimya kidogo, kisha akamwuliza kama amekula.

Usiku wa kuamkia mtihani nilimpigia nikamwuliza tena. Safari hii alifikiri kwanza. "Mistari mitatu imejaa, mama mdogo. Safu bado zinanisumbua. Nadhani nitapata tatu, nikibahatika nne."

Julai majibu yalitoka. Alipata 3.