Je, Wajua? Silaha ya kicheche ni harufu

Ukikutana usiku, kando ya mashamba ya mpunga Kyela, na mnyama mdogo mweusi mwenye mistari myeupe mgongoni, huyo ni kicheche. Skanki wa Marekani ni wa familia nyingine, ila silaha yao ni moja: tezi zilizo chini ya mkia. Mbwa akimbana, kicheche husimamisha manyoya, huinua mkia na kumrushia majimaji yanayonuka vibaya na kuwasha macho. Mwoshe mbwa macho kwa maji safi mengi, kisha muogeshe kwa sabuni hukohuko nje. Kicheche mwache aende zake, anakula panya. Akimng'ata mbwa, mwone daktari wa mifugo haraka, kwa hofu ya kichaa cha mbwa. Akikung'ata wewe, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha wahi hospitali.