Siku moja Chartres: kanisa kuu, vioo vya rangi na mtu aliyekataa kutia sahihi

Wasafiri wengi wanaofika Ufaransa hubaki Paris. Lakini kilometa karibu 90 upande wa kusini-magharibi kuna mji wa Chartres, ambao mtu anaweza kuutembelea peke yake kwa siku moja, bila gari wala kiongozi. Mji huo unajulikana duniani kwa kanisa lake kuu la Notre-Dame. Wachache wanajua jambo lingine linalowagusa Waafrika: mwaka wa 1940, ni hapo mkubwa mmoja wa serikali alipoona afadhali kufa kuliko kutia sahihi uongo juu ya maaskari weusi.

Safari inaanzia kwenye kituo cha treni cha Montparnasse, Paris, na inachukua saa moja na zaidi kidogo. Treni inapita katika Beauce, nchi tambarare ya mashamba ya ngano. Kwa sababu hakuna mlima, minara miwili ya kanisa inaonekana kutoka mbali, kabla ya nyumba za mji.

Minara hiyo si mapacha. Ule wa kusini ni wa karne ya 12, hauna mapambo mengi, na unafika meta 105. Wa kaskazini ni mrefu zaidi. Ncha yake ya zamani ilikuwa ya mbao, ikateketezwa na radi mwaka wa 1506. Fundi Jehan de Beauce ndiye aliyejenga ncha mpya ya mawe yenye nakshi nyingi.

Kutoka kituoni hadi kanisani ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Kuingia ni bure. Anayetaka kupanda mnara ndiye anayelipa.

Kanisa linaloonekana leo lilizaliwa kutokana na msiba. Tarehe 10 Juni 1194, moto uliunguza sehemu kubwa ya kanisa lililotangulia. Humo mlitunzwa kitambaa ambacho waumini wanaamini kilikuwa vazi la Bikira Maria, zawadi ya mfalme Charles le Chauve tangu mwaka wa 876. Watu walidhani kimeteketea. Kilipopatikana kizima, walikichukua kama alama ya kujenga upya. Sehemu kubwa ya kazi ilikwisha ndani ya miaka karibu 30, na kanisa likawekwa wakfu mwaka wa 1260. Tangu 1979 limo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Ndani, macho yanahitaji muda kidogo kuzoea. Kisha vioo vya rangi vinaanza kuonekana, hasa ile buluu ambayo imepewa jina la mji wenyewe. Vingi ni vya karne ya 13. Vinasimulia Biblia na maisha ya watakatifu, lakini chini yake mnaonekana pia watu wa kazi za kila siku: wachoma mikate, washona viatu, maseremala. Hapa msafiri wa peke yake ana faida: hakuna kundi linalomharakisha. Anaweza kukaa kwenye kiti na kusoma kioo kimoja kwa nusu saa, picha kwa picha, kutoka chini kwenda juu.

Vioo hivyo vingeweza kupotea. Vita ya pili ya dunia ilipokaribia, viliondolewa na kupelekwa mbali kufichwa. Na tarehe 16 Agosti 1944, Wamarekani walipokuwa wakipigania mji, walishuku kwamba Wajerumani wanatumia minara ili kuelekeza mizinga. Koloneli Welborn Griffith aliomba kwenda kuhakikisha mwenyewe. Aliingia, akapanda, hakuona adui, na kanisa halikupigwa. Siku ileile aliuawa katika kijiji cha Lèves, karibu na hapo.

Mchana, njia inashuka hadi mji wa chini, kando ya mto Eure. Kuna madaraja ya mawe, nyumba za zamani na mahali ambapo wanawake walifulia nguo mtoni. Zamani watengeneza ngozi walifanya kazi yao pembeni ya maji hayo.

Lakini siku haijatimia bila kusikia habari ya Jean Moulin. Mwaka wa 1940 alikuwa prefe wa Chartres. Kwa Wakongomani prefe ni mkuu wa shule. Kule ni mwakilishi wa serikali katika jimbo. Wajerumani walipoingia mjini, tarehe 17 Juni, walimletea karatasi iliyosema kwamba maaskari wa Kiafrika wa jeshi la Ufaransa walikuwa wameua na kunajisi wanawake na watoto. Maaskari hao waliitwa watu wa Senegal, hata kama walitoka katika makoloni mengi ya Afrika. Ukweli ni kwamba raia hao walikuwa wameuawa na mabomu.

Moulin alikataa kutia sahihi. Walimpiga kwa saa nyingi, kisha usiku wakamfungia pamoja na askari mmoja Mwafrika. Kwa kuogopa kwamba kesho yake angeshindwa kuvumilia, alijikata koo kwa kipande cha kioo kilichokuwa sakafuni. Walinzi walimkuta akiwa bado hai, akatibiwa akapona. Baadaye aliunganisha makundi ya wapinzani wa Wajerumani, akakamatwa mwaka wa 1943, akafa kutokana na mateso. Wafaransa wengi wanamkumbuka kwa kazi hiyo ya mwisho, lakini kukataa kwake kwa kwanza kulikuwa kwa ajili ya heshima ya Waafrika ambao hawakuwa na nafasi ya kujitetea.

Kwa Wakongomani wanaoishi Paris na pembeni yake, Chartres ni safari ya siku moja tu. Siku nzuri ya kwenda ni Ijumaa, kati ya Kwaresima na sikukuu ya Watakatifu Wote: ndipo viti huondolewa ili watu watembee juu ya njia ya mzunguko iliyochorwa sakafuni katika Enzi za Kati, yenye urefu wa meta zaidi ya 260. Anayekwenda aangalie kwanza saa ya treni ya mwisho ya kurudi.